Mbwa anamaliza kila kichezeo? Anza kwa kuokota vipande

Kabla hujatoka kwenda kumnunulia mbwa kitu kingine cha kutafuna, chukua ufagio kwanza. Pita uani, chini ya gari, nyuma ya tangi la maji, na ile kona anayolala akiota jua la asubuhi. Okota kila kipande cha kitu alichokiharibu majuma haya mawili, mwaga vyote juu ya gunia, kisha vitazame kama fundi anavyotazama vyuma vilivyotoka kwenye injini. Mimi hapa Kiamunyi, Nakuru, nilikaa miaka nikivifagia vipande hivyo pamoja na majani makavu na kuvitupa shimoni. Halafu naenda mjini namuuliza muuzaji, "Hamna kigumu kuliko hiki?" Kumbe swali lenyewe ndilo lilikuwa na kasoro.

Mbwa wangu anaitwa Bosi, chotara wa German Shepherd na Boerboel, kilo 42 mara ya mwisho alipopandishwa kwenye mizani. Nitamtaja sana, kwa sababu karo ya haya ninayoyaandika ililipwa na mdomo wake.

Ua umejaa pamba

Ukikuta pamba imetapakaa kila mahali na mwanasesere amebaki gamba tupu kama soksi, mbwa wako ni mpasuaji. Huyu hana haja ya kutafuna. Raha yake ni kukandamiza kitu kwa miguu ya mbele, kuvuta kwa meno ya mbele, na kusikia kikichanika. Mletee mwanasesere aliyeshonwa kwa uzi wa hema, atampasua tu, ila atachukua dakika kadhaa zaidi.

Usishindane naye. Mpe cha kupasua kwa halali: katoni ya sabuni iliyotolewa pini na selotepu, ndani umefinyanga magazeti ya zamani na kuficha omena wachache. Bosi huimaliza katoni kwa robo saa, kisha anajinyoosha na kulala. Utafagia karatasi, ndiyo, lakini hujatoa hata shilingi. Mara za kwanza simama karibu uone kama anatema au anameza. Akimeza, katoni si ya mbwa huyo.

Wale tedi wa mitumba wa soko la Kibuye, Kisumu, na kwingineko wanamfaa mbwa mpole, anayependa kubeba kitu mdomoni na kukilalia. Hata huyo, ng'oa kwanza macho ya plastiki, vifungo na tepe za shingoni, na ubonyeze tumbo. Wengine ndani wamejazwa punje za plastiki.

Vipande ni vidogo, vimekatwa safi

Hapa una mtafunaji wa kweli. Mtazame akiwa kazini: analaza kichwa upande, anasukuma kitu hadi kwenye lile jino kubwa la pembeni, na meno ya juu na ya chini yanapishana kama mkasi. Hapumziki. Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili: mpira ni mwembamba, au kichezeo ni kidogo kiasi kwamba anakifikisha kwenye mkasi bila taabu yoyote. Usitazame picha iliyo kwenye paketi, tazama mdomo wa mbwa wako. Kitu kinachoweza kupita chonge na kutoweka chote mdomoni ni kidogo, na siku moja kitateleza kooni.

Kinachodumu kwa mbwa wa aina hii ni mpira wa asili, mnene, unaobonyea kidogo ukiuminya kwa mikono miwili na kurudi ulivyokuwa. Unaojulikana zaidi ni KONG, ule unaofanana na madonge matatu ya ugali yaliyopandana, kubwa chini na dogo juu. Asili yake inachekesha. Miaka ya 1970 huko Marekani, Joe Markham alikuwa na German Shepherd aliyeitwa Fritz, mpenda kutafuna mawe, meno yakimwisha. Siku moja Markham akiwa anatengeneza gari la Volkswagen, Fritz akajichukulia kipande cha mpira kilichofunguliwa humo, akasahau mawe. Umbo la kichezeo likatokana na kipande kile. Ule mwekundu ni wa mbwa wa kawaida, mweusi ni wa wenye taya kali. Ukinunua wa kampuni nyingine, hakikisha una matundu mawili. Kichezeo chenye uwazi ndani na tundu moja tu kinaweza kufyonza ulimi ukanasa, ukavimba humo humo.

Mpira mtupu unachosha, hata ukiwa wa bei gani. Mimi huziba tundu dogo kwa tonge gumu la ugali, najaza ndani ugali laini uliochanganywa na omena waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), napigapiga kwa mpini wa kijiko ushuke, natia friza usiku kucha. Asubuhi Bosi hukaa nao karibu saa nzima akilamba, akiudondosha, akiupindua. Siagi ya karanga inafaa pia, na ile inayosagwa nyumbani kwa njugu za upande wa magharibi ndiyo salama zaidi. Ya chupa soma kwanza kilichomo: ukiona zailitoli, ile sukari mbadala, irudishe rafuni, kwa maana hata kidogo chake kinaweza kuua mbwa. Na unga au njugu zilizoota ukungu usimpe kwa kisingizio kwamba ni mbwa. Sumukuvu humharibu ini kama inavyomharibu binadamu.

Sasa suala la tairi, maana najua utalifikiria. Kila mtu hapa kwetu hulifikiria. Mpira uko bure, mnene, kwa mafundi wa akala umejaa. Tatizo ni kilicho ndani. Tairi nyingi za gari zina nyaya nyembamba za chuma, na hata ya baiskeli huwa na waya ukingoni. Mbwa akishakula mpira wa juu, anafika kwenye waya. Jirani yangu alimpa mbwa wake kipande, akaja kunionyesha ufizi uliochomwa na waya mwembamba kama sindano. Halafu kuna shida nyingine ambayo hakuna anayekuambia: mbwa akishafundishwa kwamba harufu ya tairi ni mchezo, akala za mgeni anayeziacha mlangoni nazo ni mchezo. Vivyo hivyo kiatu kikuukuu. Yeye hajui slipa ipi imestaafu na ipi umenunua jana.

Mpira wa tenisi, kwa ufupi: kurusha, ndiyo, kutafuna, hapana. Zile nyuzi zake zikishashika vumbi, na vumbi la Nakuru unalijua, huwa msasa. Meno yanasagika polepole bila wewe kuona.

Hakuna kipande hata kimoja

Hii ndiyo dalili niliyoisherehekea, na ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Muuza nyama mmoja alinipa kwato mbili za ng'ombe bure. Bosi akazitafuna wiki tatu, hata punje haikudondoka. Nikawatangazia majirani kwamba nimepata dawa. Jioni moja nikamwekea chakula, akachukua donge, akaliacha lidondoke. Akachukua tena, safari hii kichwa amekiinamisha kushoto kama mtu anayesikiliza simu. Nikamshika taya, nikainua mdomo wa juu upande wa kulia. Lile jino kubwa la pembeni lilikuwa limebanduka ubavu mzima, kama gamba la yai lililochemshwa, na katikati ya pengo palikuwa na nukta nyekundu. Nukta ile ndiyo uhai wa jino. Ikishaonekana, bakteria wana njia ya wazi hadi kwenye mfupa.

Daktari wa mifugo aliniambia nirudi na hicho anachotafuna. Nilipoleta ukwato, akauchukua na kunigonga nao gotini, si kwa nguvu. Niliruka.

"Sasa mzee, hilo ni goti," akasema. "Yeye anagonga kwa jino."

Jino lile lina mizizi 3. Bosi alilazwa kwa dawa ya usingizi, likang'olewa, na bei yake ingeninunulia vichezeo vya miaka miwili. Tangu siku hiyo nina vipimo viwili. Cha kwanza ni ukucha: bonyeza kitu kwa nguvu kwa ukucha wa dole gumba. Kikikataa kabisa kuacha alama, kimezidi ugumu. Cha pili ni goti, kama nilivyofanyiwa. Kwa vipimo hivyo kwato hazipiti, pembe hazipiti, mfupa wa paja la ng'ombe haupiti, na ile plastiki ngumu inayouzwa na maneno "haiharibiki" haipiti. Neno hilo likiwa kwenye paketi, mimi huliona kama onyo. Kichezeo kizuri huchakaa. Unataka kichakae polepole, na kichakae kabla ya meno.

Dalili za jino kuvunjika si kulia. Mbwa huficha maumivu. Utaona anatafuna upande mmoja, kichezeo kina damu, mate yamezidi, au anakataa kushikwa kichwa. Uvimbe ukitokea ghafla chini ya jicho, wengi hudhani ni nyuki. Huenda ni usaha kutoka kwenye mzizi wa jino hilo hilo, kwa sababu mizizi yake inafika karibu na hapo.

Mifupa, na vya kuchukua nafasi yake

Nimekwisha sema kuhusu paja la ng'ombe. Mfupa uliopikwa ni habari nyingine. Moto huukausha, na ukivunjwa unatoa ncha. Wa kuku ndio mbaya zaidi, na mbavu za mbuzi zilizobaki kwenye nyama choma zinafuata. Wenzetu wa Kisumu wanajua miiba ya ngege na ya mbuta inavyoweza kumkalia mtu kooni, lakini mabaki ya samaki bado yanatupwa pale pale mbwa anapongojea. Ukiishi karibu na wavuvi, Dunga au popote ufuoni, angalia pia ndoana. Mbwa haoni ndoana, ananusa samaki.

Ninachokiamini ni koo la ng'ombe, ule mrija wa hewa wenye pete za gegedu, na masikio. Gegedu hubonyea. Omba vya mnyama aliyekaguliwa, vichemshe, kisha vikaushe vizuri. Hukaukia juu ya wavu mahali nzi hawafiki, siku kadhaa kwa jua kali. Usikubali kishawishi cha kumpa mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni. Humo ndimo kunamokaa vifuko vya mnyoo mdogo ambao mbwa akishaubeba, mayai yake humwingia binadamu na kumfanyia vifuko vikubwa kwenye ini na mapafu.

Vile vijiti na mafundo ya ngozi ya ng'ombe vinavyouzwa vimefungwa vizuri sivipendi. Ngozi ikilowa huvimba na kulainika, na mbwa mlafi humeza fundo zima. Kwa mbwa anayekwaruza taratibu huenda likapita. Bosi si huyo.

Kichezeo kimepungua lakini vipande havionekani

Umeokota kila mahali, hesabu haitimii. Basi viko tumboni. Punje ndogo za mpira kwa kawaida hutoka zenyewe na utaziona kesho. Hofu ni kitu kinachoweza kuziba utumbo, na kwa mikoa yetu mshukiwa wa kwanza si kichezeo. Ni gunzi la mahindi.

Watu huona gunzi kama kichezeo cha bure: limebaki na ladha ya mahindi ya kuchoma, ni jepesi, mbwa anafurahi. Tumbo haliwezi kuliyeyusha. Linakaa vile vile lilivyomezwa, wakati mwingine siku nyingi mbwa akiendelea kula, halafu linashuka na kukwama kama kizibo. Kuanzia msimu wa mahindi mabichi hadi uvunaji, weka magunzi kwenye ndoo yenye kifuniko. Kokwa la embe na la parachichi yana hatari hiyo hiyo, na soksi za watoto pia.

Kamba nayo. Kamba ya katani ni nzuri kwa kuvutana mkiwa wawili, ila mkimaliza itundike juu. Akiachwa nayo atameza nyuzi, na uzi ukinasa upande mmoja, utumbo hujikunja kwenye uzi kama kitambaa kwenye mshono hadi ukakatika. Ukiona uzi unaning'inia nyuma ya mbwa, usiuvute.

Akitapika mara kwa mara, akikataa chakula, akikosa choo au akichuchumaa bila kutoa kitu, tumbo likiwa gumu au akikunja mgongo, hiyo ni safari ya daktari leo. Usimpe mafuta ya kupikia, usimpe maziwa, usingoje Jumatatu.

Ghafla ameanza kutafuna mawe na mbao

Hapa acha kufikiria vichezeo. Mbwa aliyekuwa wa kawaida, akaanza kwa siku moja mbili kuuma vitu visivyo na maana, mate yanamchuruzika, taya limelegea, sauti imebadilika, au amekuwa mkali kwa watu anaowajua, mchukulie kama mwenye kichaa cha mbwa hadi daktari aseme vingine. Ugonjwa huu bado uko kwetu. Mpango wa taifa wa kuumaliza, wa kuanzia 2014 hadi 2030, uliziweka Kisumu na Siaya miongoni mwa kaunti za mwanzo.

Mtego ni kwamba taya lililolegea linafanana sana na mbwa aliyekwamwa na mfupa. Ni kweli wakati mwingine ni mfupa au kijiti kilichojibana juu ya kaakaa, lakini si kazi yako kutia mkono kuhakikisha. Mfungie mahali pa peke yake, piga simu kwa daktari wa mifugo. Ukiwa umeumwa au mate yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mchubuko tu.

Kutafuna udongo na mawe taratibu, bila mabadiliko mengine, kuna sababu za kawaida zaidi: minyoo, upungufu wa damu unaoletwa na kupe, au njaa. Mbwa mkubwa anayekula donge moja la ugali mtupu usiku atatafuta cha kujazia, na huwezi kutibu njaa kwa mpira.

Ni mtoto wa mbwa, anauma kila kitu na kila mtu

Ana meno 28 ya utotoni. Kuanzia karibu miezi 3 yanang'oka, na kufikia miezi 6 au 7 atakuwa na 42 ya ukubwani. Ufizi unamwasha. Kitambaa safi kilicholoweshwa, kikasokotwa na kugandishwa, humpoza. Karoti nene iliyotoka kwenye friji pia, ukiwa karibu. Vichezeo vya umri huu viwe laini kuliko vya mbwa mkubwa, na waya za umeme ziinuliwe. Mengine yatapita.

Vichezeo hagusi, anakula mlango

Tazama ni mlango upi na saa ngapi. Kwetu mbwa wengi hufungiwa kibandani tangu alfajiri na kufunguliwa usiku walinde. Muda wa saa 12 kwenye boksi la mbao, kisha tunashangaa mbao zimeliwa. Anayeguguna nondo au wavu kila siku utamjua kwa chonge: zimelika upande wa nyuma, zimebaki nyembamba, na siku moja zinakatika. Dawa yake si kichezeo kigumu zaidi. Mtembeze nusu saa kabla ya kumfungia, mwache anuse njia nzima asivutwe, kisha aingie na kitu kilichogandishwa. Mchana mtu ampitie. Chakula kingine kimwagwe kwenye nyasi akitafute kwa pua. Na usiviache vichezeo vyote nje. Viwili leo, vingine sandukuni, badilisha baada ya siku chache, vya zamani vitaonekana vipya.

Kumnyang'anya ndiko kunakofundisha kumeza haraka. Mimi hubadilishana: omena kwa kichezeo. Kikishapasuka au kikawa kidogo kuliko ngumi yangu, hakirudi.

Ila kuna mlango unaoliwa kwa hofu. Shemeji yangu wa Mamboleo, Kisumu, nilimpa Simba, ndugu yake Bosi wa tumbo moja. Akanipigia: "Shemeji, huyu mbwa wenu amemaliza mlango wa stoo, na vichezeo vyote ulivyoleta viko pale havijaguswa." Nikamwomba aandike siku. Baada ya wiki tatu akaniambia, ni siku za radi tu, jioni wingu likitoka upande wa ziwa. Mikwaruzo yote ilikuwa chini, karibu na kitasa na kwenye pembe, pale mbwa anapotafuta kutoka. Mbwa aliyeingiwa na hofu hali, hivyo hata koo la ng'ombe lisingemgeuza. Alichohitaji ni kuingizwa ndani kabla mvua haijaanza, chumba cha katikati, pazia limefungwa, redio inaongea. Nilimwambia pia, akianza kujiumiza meno au kucha, amwone daktari, ziko dawa za hofu.

Juzi amenitumia picha. Mlango umepigwa bati chini. Simba amelala jikoni chini ya meza, KONG yake imejaa ugali, iko mbali naye hatua mbili. Aliila saa tano usiku, mvua ilipokatika.